Kabla ya barakoa, dirisha

Katika chumba chetu cha dharura kuna dirisha moja linalotazama upande wa ziwa. Kwa miaka minne niliyofanya kazi ndani ya chumba hicho sikuwahi kuliona likiwa wazi, kwa kuwa lilikuwa limepigiliwa misumari miwili ya inchi nne, mmoja juu na mwingine chini, na vichwa vya misumari hiyo vilikuwa vimepakwa rangi pamoja na ukuta mpaka ikawa vigumu kuviona. Walionitangulia kazini waliniambia kuwa lilifungwa kwa sababu ya wezi. Wengine wakasema ni baridi, maana mji wetu wa Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na upepo wa ziwa Kivu wakati wa mvua haumwonei mtu huruma. Sababu zote mbili nazielewa. Lakini ndani ya chumba hicho ndimo tunamowawekea wagonjwa mpira wa kupumulia unaopitishwa kooni, ndimo tunamonyonya makohozi kwa mashine, ndimo tunamotoboa kifua ili kutoa maji, na katika miezi ya mvua ndimo tulimowaambia wagonjwa wakohoe ndani ya kikopo ili makohozi yao yapelekwe maabara. Mimi ni muuguzi wa usingizi. Kazi yangu inanitaka nikiinamie kinywa cha mgonjwa, uso wangu ukiwa umbali wa kiganja kimoja au viwili kutoka kwenye koo lake, na kwa miaka minne sikujiuliza hewa ninayoivuta imetoka wapi.

Nilianza kujiuliza nilipougua. Kilikuwa kiangazi, wakati vumbi la barabara zetu za udongo linapotanda hadi kwenye majani ya migomba, na mjini kila mtu alikuwa akikohoa, kwa hiyo nami nikalaumu vumbi. Nilikunywa chai ya tangawizi, nikanywa dawa za kikohozi, nikaendelea na zamu za usiku. Wiki ya tatu ilipokwisha, mwenzangu wa maabara, ambaye nimemzidi umri na kwa sababu hiyo huniita yaya, alinishika mkono kwenye ujia akaniambia: "Yaya, angekuwa mgonjwa anayekohoa hivi, ungekwisha kumleta kwangu zamani." Akanipa kikopo palepale. Jioni ileile mashine ya jeneksperti, ambayo hutoa jibu kwa muda usiofika saa mbili, ilionyesha kifua kikuu, kwa bahati njema kile kisicho sugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za ugonjwa huo.

Nilimeza dawa kwa miezi 6. Asubuhi ya kwanza mkojo ulinitoka na rangi ya chungwa lililoiva, kama ninavyowaeleza wagonjwa kila siku kwamba utatoka, na hata hivyo niliposimama chooni nikiutazama mikono ilinitetemeka. Mke wangu na watoto walipimwa wote. Kitinda mimba wetu, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 5, aliandikiwa dawa za kinga, na kumshika mtoto kidevu kila asubuhi ili ameze dawa kwa sababu ya kazi ya baba yake ni jambo ambalo sijalisahau.

Siwezi kuthibitisha kwamba niliambukizwa ndani ya chumba kile. Kifua kikuu huweza kulala mwilini kwa miezi au miaka kabla ya kujionyesha, na nchi yetu imo katika orodha zote tatu za Shirika la Afya Duniani za nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi: ya kifua kikuu chenyewe, ya kifua kikuu pamoja na virusi vya ukimwi, na ya kile kilicho sugu kwa dawa. Ningeweza kuupata kwenye teksi, kanisani, au katika msongamano wa soko la Kadutu. Lakini wenzangu wawili wa huduma hiyohiyo walikuwa wametibiwa ugonjwa huohuo katika miaka iliyotangulia, na hakuna hata mmoja kati yetu watatu aliyewahi kuliuliza lile dirisha kwa nini limefungwa.

Mtu anapokohoa, hatoi matone yale tu tunayoyaona yakianguka kwenye shuka. Pamoja nayo hutoka chembe ndogo mno, ambazo maji yake hukauka kabla hazijafika sakafuni, na kinachobaki ni punje yenye upana wa maikroni 1 hadi 5 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), ilhali unywele wa mtu una upana wa maikroni 70 hivi. Punje ya namna hiyo haianguki. Huelea kwa saa nyingi, hufuata mkondo wa hewa, hupita chini ya mlango, na mtu akiivuta hufika hadi kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu, ambako bakteria wa kifua kikuu hupenda kuanzia kazi yao. Mmarekani William Wells aliyaeleza haya tangu miaka ya 1930, na mwanafunzi wake Richard Riley akayathibitisha huko Baltimore mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa njia ambayo mtu wa Kivu hawezi kuisahau akishaisikia. Alichukua hewa iliyotoka katika wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu, akaipitisha kwenye mabomba hadi juu ya jengo, akawavutisha simbilisi, wale wanyama wadogo ambao familia nyingi za Kivu Kusini huwafuga jikoni. Simbilisi hawakumgusa mgonjwa yeyote, hawakula chakula cha mgonjwa, hawakulala kwenye shuka lake. Walivuta hewa yake tu, na wakaugua. Kundi jingine lilipewa hewa ileile baada ya kumulikwa kwa taa ya mionzi ya urujuanimno, na katika kundi hilo hakuambukizwa hata mmoja.

Naona jambo hilo tulifundishwa shuleni, tukalijibia mtihani, kisha tukaliacha huko. Nadhani najua sababu. Katika mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020, ulioambukiza watu 3,470 na kuua 2,287 katika Kivu Kaskazini, Ituri na hatimaye huku kwetu upande wa Mwenga, tulijifunza kunawa. Kila mlango wa ofisi, wa shule na wa kanisa mjini Bukavu ulikuwa na ndoo yenye bomba na maji ya klorini, na hata watoto wadogo walijua kusugua kati ya vidole. Ebola husambaa kwa damu, matapishi na majimaji ya mwili, kwa hiyo somo la mikono lilikuwa sahihi na liliokoa maisha. Ila somo hilo lilituingia kwa nguvu kiasi kwamba korona ilipofika mwaka 2020 tulilirudia lilelile neno kwa neno: tulinawa, tulinyunyiza klorini sakafuni, kutani na hata hewani, kisha tukafunga madirisha na kukaa ndani pamoja. Hatukuwa peke yetu katika kosa hilo. Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikuwa likiuambia ulimwengu kwamba korona haienezwi na hewa, na Julai mwaka huo wanasayansi 239 walilazimika kuandika barua ya wazi kuomba jambo hilo lifikiriwe upya. Mei 2020 shirika hilo lilishauri pia kwamba kunyunyiza dawa ndani ya vyumba si njia ya kujikinga, lakini nimeshuhudia pampu ya mgongoni ikiendelea kutembea wodini muda mrefu baada ya ushauri huo. Kati ya Januari 2020 na Mei 2021, kwa makadirio ya shirika hilohilo, wafanyakazi wa afya kati ya 80,000 na 180,000 walikufa kwa korona duniani kote. Naisoma tarakimu hiyo nikiona sura za watu.

Sasa nije kwenye kazi yangu yenyewe. Kuna vitendo vya tiba ambavyo huichochea hewa ya mgonjwa itoke kwa nguvu: kuweka na kutoa mpira wa kupumulia, kunyonya makohozi, kupuliza hewa kwa mfuko wa mkononi, kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama, kuingiza kamera katika njia ya hewa, kumchochea mgonjwa kwa mvuke wa maji ya chumvi ili apate makohozi. Katika mlipuko wa SARS, ugonjwa mkali wa mapafu, wa mwaka 2003, uliowapata watu 8,096, karibu mmoja kati ya watano alikuwa mfanyakazi wa afya. Uchunguzi uliokusanya tafiti za wakati huo na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kati ya vitendo hivyo vyote kuweka mpira wa kupumulia ndiko kulikoambatana waziwazi zaidi na maambukizi. Uwezekano wa walioshiriki kuambukizwa ulikuwa takribani mara 6.6 ukilinganishwa na wa wenzao ambao hawakushiriki.

Tangu nilipopona, namna ninavyoweka mpira huo imebadilika. Zamani tulikuwa tunajaa chumbani: daktari, mimi, wanafunzi watatu au wanne, jamaa wa mgonjwa mlangoni, kila mmoja akiwa na hamu ya kuona. Sasa tunabaki watatu, na anayeweka mpira ni yule mwenye mkono mwepesi kuliko wote, kwa sababu kila jaribio linaloshindikana ni nafasi nyingine ya mgonjwa kukohoa usoni mwa mtu. Vifaa vyote hupangwa kwenye trei kabla mgonjwa hajalala, ili mtu asitumwe nje na mlango usifunguliwe katikati ya kazi. Mgonjwa hupewa oksijeni kwanza kwa dakika kadhaa huku akipumua mwenyewe. Ndipo dawa ya usingizi hufuatwa mara moja na dawa ya kulegeza misuli, na tunasubiri, tena tunasubiri kwelikweli, mpaka misuli imelegea kabisa, maana aliyelegea hakohoi. Tukilazimika kupuliza hewa kwa mfuko, mtu mmoja hushika kinyago usoni kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa juu na vingine vikiivuta taya, na mwingine hubinya mfuko polepole, huku kichujio kikiwa kati ya kinyago na mfuko. Mpira ukishaingia, puto lake dogo linaloziba njia ya hewa pembeni mwake hujazwa kabla ya pumzi ya kwanza. Hakuna hata kimoja katika haya kinachohitaji fedha nyingi isipokuwa kile kichujio, na kichujio chenyewe nimeona kikikosekana kwa miezi katika ghala ambalo lilikuwa na katoni za glavu hadi darini.

Lakini kuna jambo lililonifanya niyatazame haya yote kwa jicho jingine. Mwaka 2020 watafiti wa Bristol, Uingereza, walipima chembe zilizomo hewani wakati wagonjwa wakiwekewa mpira chumbani mwa upasuaji, wakakuta kuwa mgonjwa aliyelala na kulegea vizuri hutoa chembe chache sana zikilinganishwa na kikohozi kimoja cha mtu mwenye afya anayekohoa kwa makusudi. Chumba chao kilikuwa na mfumo wa hewa safi ambao mimi sijawahi kuuona kwa macho, wala sisemi kwamba mtu aweke mpira bila kujikinga. Ninachosema ni kwamba tumeigawa hatari vibaya. Barakoa nzuri chache tulizonazo tumeziweka kwenye kabati la kufuli kwa ajili ya dakika kumi za kuweka mpira, huku yule baba anayekohoa tangu alfajiri akikaa saa tano kwenye benchi la ujia uliofungwa pande zote, bega kwa bega na mama mwenye mtoto mgongoni, na msajili anayeandika jina lake akiwa amevaa kitambaa tu. Kitendo cha tiba ni kilele cha mlima, na mlima wenyewe huanzia kwenye lile benchi.

Ndiyo maana naanza na dirisha. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali nane za Lima, mji mkuu wa Peru, ambako vyumba 70 visivyo na mashine za hewa vilipimwa. Madirisha na milango ikiwa wazi, hewa ya chumba ilibadilika mara 28 kwa saa, ilhali vyumba maalumu vyenye mashine hupangwa vibadilishe hewa mara 12. Tena majengo ya zamani, yenye dari ndefu na madirisha mapana, yaliyashinda yale mapya: mara 40 kwa 17. Niliposoma hayo niliyakumbuka majengo ya kikoloni ya mji wetu, ambayo dari zake ndefu tumezishusha kwa mbao ili kuzuia baridi, na madirisha yake tumeyapunguza kwa matofali ili kupata mahali pa kuegemeza kabati.

Nilichukua futi ya fundi nikapima chumba chetu. Kina urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 3, yaani mita za ujazo 36. Dirisha likifunguliwa lote hutoa nafasi ya mita moja ya mraba, na mlango ulio mkabala nalo ni mkubwa zaidi ya hapo. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani husema: zidisha eneo la uwazi ulio mdogo kwa kasi ya upepo, kisha kwa 0.65. Upepo mwanana wa nusu mita kwa sekunde, ambao hauwezi hata kupeperusha karatasi mezani, hutoa lita 325 kwa sekunde, na hewa ya chumba hubadilika zaidi ya mara 32 kwa saa. Kiwango ambacho shirika hilo linakitaka kwa chumba cha mgonjwa mwenye maambukizi ya hewa ni lita 160 kwa sekunde. Dirisha moja na mlango mmoja, bila umeme, katika mji ambao umeme hukatika tukiwa katikati ya upasuaji, yangetupa zaidi ya kiwango hicho kwa kung'oa misumari miwili tu.

Taa za mionzi niliyoitaja kwa wale simbilisi ni kinga nzuri zikifungwa juu karibu na dari na zikitunzwa vizuri. Pale ambapo umeme ni wa kubahatisha na hakuna wa kuzipima nguvu yake, siwezi kuzitegemea.

Kufungua dirisha ni jambo moja na kuliacha wazi ni jambo jingine. Walinzi wa wagonjwa, yaani wale ndugu wanaolala chini kando ya kitanda, huyafunga madirisha kila tunapogeuza mgongo, nao hawafanyi hivyo kwa ukaidi. Wamekua wakiambiwa kwamba upepo ndio uletao pneumonia. Usiku mmoja mama mmoja mtu mzima, ambaye mumewe alikuwa akisubiri majibu ya makohozi, aliinuka akalifunga dirisha la wodi mbele yangu, akaniambia kwa sauti ya chini ili mgonjwa asisikie: "Mwanangu, unataka kuniulia baba wa watoto? Huu upepo utamwingia kifuani." Nilichuchumaa tukawa sawa kwa macho, nikamwambia: "Mama, ugonjwa wake hauletwi na upepo. Yeye anautoa kifuani, na upepo unaubeba kuupeleka nje. Ukifunga, wewe uliyelala hapa chini ndiwe utakayeuvuta hadi asubuhi, nami nakuogopea wewe." Hakunijibu mara moja. Alifungua furushi lake, akatoa kitenge cha pili, akamfunika mumewe mabega na kichwa, kisha akaniomba tusogeze kitanda kidogo ili upepo usimpige usoni. Tulikisogeza pamoja. Dirisha likabaki wazi.

Niseme pia kwamba wodi ya watoto wachanga si mahali pa kufuata maneno yangu kwa upofu, kwa kuwa mtoto aliyezaliwa leo, hasa njiti, hufa kwa baridi upesi. Huko dawa ni kumtenga mapema mama anayekohoa, kumpima na kumwanzishia matibabu, kwa sababu matibabu yanayofaa hupunguza haraka sana uwezo wa mtu kuambukiza wengine.

Barakoa, ambayo huku kwetu watu wengi huiita kashene, inakuja baada ya dirisha. Ile laini ya buluu yenye kamba za masikioni imetengenezwa kuzuia kinachotoka kwa aliyeivaa. Mahali pake ni usoni mwa mgonjwa, na huko hufanya kazi kubwa: utafiti uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kifua kikuu sugu walipovaa barakoa za namna hiyo, maambukizi kwa simbilisi waliovutishwa hewa yao yalipungua kwa asilimia 56. Muuguzi akiivaa yeye ili kuikinga pumzi yake, hewa huingia pembeni mwa mashavu bila kuchujwa. Anayeinamia koo la mgonjwa anahitaji ile ngumu ya kuchuja, FFP2 au N95, ambayo hukamata angalau asilimia 94 au 95 ya chembe, mradi imebana uso.

Na kubana uso ndiko kunakotushinda. Nenda wodi yoyote utazame mikanda miwili ya barakoa hizo: wa juu uko kichwani, wa chini unaning'inia kidevuni kama hirizi iliyokatika. Mkanda wa chini ndio unaoifunga barakoa kwenye taya. Ukishaivaa, finyanga kile kibati cha puani kwa vidole vya mikono miwili, kwani ukikibana kwa mkono mmoja kitapinda katikati na kuacha mfereji kila upande. Kisha ifunike kwa viganja, toa pumzi kwa nguvu, na usikilize ngozi yako: ukihisi hewa machoni au mashavuni, rekebisha upya. Vuta pumzi, ikinywea kidogo kuelekea usoni, imekaa. Ndevu huivunja kazi yote hiyo, nami nilinyoa zangu nilizozifuga tangu nikiwa mwanafunzi. Kwa kazi ya kifua kikuu barakoa hiyo huweza kuvaliwa tena siku nyingine maadamu haijaloa, haijachafuka, haijachanika wala mikanda yake haijalegea. Itunzwe katika mfuko wa karatasi wenye jina lako. Ukiifungia kwenye plastiki, unyevu hubaki ndani.

Kuna mtu mmoja ambaye katika semina zote nilizohudhuria sijasikia akitajwa. Ni mama wa usafi. Tukimaliza kuweka mpira na mgonjwa akihamishwa kwenda wodi ya mahututi, sisi tunatoka, tunavua barakoa zetu, tunakaa kuandika ripoti, naye anaitwa papo hapo aingie na ndoo yake. Hewa tuliyoikimbia ndiyo anayoikuta. Hesabu yake inajulikana: chumba ambacho hewa yake hubadilika mara 12 kwa saa huhitaji dakika 23 ili asilimia 99 ya chembe ziondoke, kikibadilisha mara 6, dakika 46, kikibadilisha mara 2 tu, kama vilivyo vyumba vingi vilivyofungwa, dakika 138. Katika chumba chenye dirisha lililopigiliwa misumari mama huyu alikuwa akiingia dakika ya tatu, akiwa na glavu ndefu za mpira hadi viwikoni na bila kitu chochote puani. Nilipomweleza hayo aliniuliza: "Kwa hiyo miaka yote hii?" Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kukubali kwa kichwa.

Ninachowaomba wanaosimamia hospitali na vituo vyetu, za serikali na za makanisa, si kikubwa. Kwenye karatasi ya kuagiza vifaa ya kila mwezi, ambako glavu zina mstari wake, sindano zina mstari wake na klorini ina mstari wake, barakoa za kuchuja na vichujio vya mfuko wa hewa navyo vipewe mstari wake, na viagizwe kwa idadi inayowafikia maabara, mapokezi na usafi. Benchi la wanaokohoa lihamishiwe nje chini ya paa la bati lisilo na kuta, na makohozi yatolewe nje pia, mahali pa wazi mbali na watu, hata mvua ikinyesha, kwani mwavuli ni bei nafuu. Na kabla ya kujenga chumba kipya, mtu aulize upepo wa hapo unatoka wapi.

Misumari ya dirisha letu iling'olewa mwaka jana. Ilichukua barua mbili na miezi saba, na seremala alipokuja aliimaliza kwa muda mfupi kuliko niliotumia kumweleza kwa nini nataka ing'oke. Kwa ajili ya wezi tuliweka nondo. Siku hiyo niliwasha kijiti cha ubani nilichonunua dukani, nikasimama nacho pale penye kichwa cha mgonjwa. Kwanza nilifunga dirisha: moshi ulipanda moja kwa moja, ukafika darini, ukajikunja na kuanza kushuka taratibu juu ya vichwa vyetu, ukabaki hapo. Nilipolifungua, moshi uliinama, ukapita mbele ya kifua changu ukitoka mlangoni kuelekea dirishani, ukapotea kati ya zile nondo. Tulikigeuza kitanda siku ileile, ili anayesimama kichwani apate upepo mgongoni mwake na pumzi ya mgonjwa iende nje bila kumpitia.

Kwa kuwa upepo wa Bukavu hutulia baadhi ya saa, tulikubaliana kusubiri nusu saa kamili kila baada ya kazi ya koo, hata kama hesabu inaturuhusu kuingia mapema zaidi. Chaki hukaa juu ya kizingiti. Jana nilipopita nilikuta mlangoni pameandikwa "8:20 – 8:50" kwa mwandiko wa mama wa usafi, naye amekaa ujiani juu ya ndoo aliyoifudikiza, fagio magotini, akiitazama saa ya ukutani. Daktari kijana wa mafunzo alikuja mbio, amesahau kalamu yake ndani, akashika kitasa. Mama hakuinuka. Alinyoosha tu mpini wa fagio ukaziba mlango, akamwambia: "Dokta, bado dakika kumi."